Asubuhi Moja ya Neema na Bosco

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya maternele hapa Rumonge, Burundi, ile ya watoto ambao hawajafika darasa la kwanza, nilikuja na chaki mpya. Direktrisi, mama aliyeongoza shule, alizipokea, akaziweka kabatini, akanionyesha kigoda uani.

"Kaa pale, uangalie wanavyocheza. Asiyejua muchezo wa mutoto, hajui mutoto."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaona kwamba alikuwa fundi wa jambo ambalo wengi hulidharau: kuwakutanisha watoto wadogo wakacheza na kuelewana. Alialika wawili, si kundi. Aliwaita asubuhi, wakiwa wameshiba na kulala vizuri. Vya kuchezea vilifanana, na kile kipenzi cha mtoto mwenyeji kilifichwa kabla mgeni hajaingia. Tena aliwaachanisha wakiwa bado wanacheka, ili watamani kurudi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa shule ya Kizuka, naye akapandishwa cheo kuwa msimamizi wa shule zetu zote, ingawa sisi tuliendelea kumwita Direktrisi. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zinarudi kutoka ukimbizini Tanzania. Neema, binti wa familia moja iliyorudi, alikaa darasani wiki baada ya wiki bila kutamka neno.

"Nyumbani anaongea mpaka ananichosha," mama yake aliniambia, machozi yakimlenga. "Hapa amekuwa bubu."

Jirani yao alikuwa Bosco, wa umri wake. Lakini familia hizo zilikuwa zinagombania shamba la michikichi, na hazikusalimiana. Nilipomwendea mama Bosco, alinijibu akiwa mlangoni.

"Mutoto wangu acheze na wa watu wale? Hapana, mwalimu."

Nilimweleza Direktrisi. Alikuja mwenyewe, siku ya mvua, akapita kwenye tope mpaka kwa mama Bosco.

"Amahoro, mama. Sikuja kwa mambo ya shamba. Ile iko na wazee wake. Ninaomba asubuhi moja, kwa mwalimu, na wewe ukae pale uone."

Mama Bosco aliitazama miguu ya mgeni wake iliyojaa tope. "Moja tu," akasema.

Uani kwangu tuliweka mchanga, mabeseni na vikombe. Watoto wakakaa wakipeana mgongo, kila mmoja na shughuli yake. Mama Neema akainuka amsukume binti yake kwa mwenzake. Direktrisi akamshika mkono.

"Umuache, mama. Huo tunaita muchezo wa sambamba. Kila mumoja anacheza yake, lakini anamusikia mwenzake. Wako wanazoeana."

Tukangoja. Bosco akamwagia mchanga wake maji, akaanza kufinyanga. Neema akageuka, akasogeza beseni lake.

"Na mimi nitilie."

Mama yake alijifunika uso kwa kitenge. Mama Bosco, aliyekuwa akitazama barabarani muda wote, akasema polepole, "Kumbe iko na sauti nzuri."

Shamba lilibishaniwa kwa muda mrefu bado, mwishowe wazee wakaligawa. Sitasema ni watoto waliomaliza ugomvi huo. Ila tangu asubuhi ile mama wale walisalimiana, na Neema hakunyamaza tena.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana wana vitabu bora kuliko vyetu, nami ninafurahi. Wakiniuliza kuhusu wakubwa niliowatumikia, huwatajia huyo mmoja. Alikuwa na cheo cha kutuma watu, lakini alikwenda kwa miguu yake kumtafutia mtoto mdogo mwenzake wa kucheza naye.