Mama alisuguliwa uso, halafu jua likawaka

Jumatatu, Desemba 2009. Leo nasema yote, hata ya aibu.

Siku ya kupanga mahari huko Bungoma, wageni walimsalimu mama yangu kama mzazi wa bibi harusi.

Mama ni dada tu wa bibi harusi.

Kwa hivyo jana alienda saluni Kitale, akasuguliwa uso ili ngozi kuukuu itoke. Akaambiwa, "Usikae juani wiki nzima, mathe."

Lakini mahindi yetu yako uani, yameanikwa. Leo ameyageuza mpaka saa tisa.

Sasa uso ni mwekundu na shavu moja linabambuka.

Ameniuliza, "Nekesa, si uniambie ukweli. Jumamosi kwa harusi nitakaa kama dada ama mama?"

Nimetoroka nikisema naenda kuteka maji.

Marafiki, nikirudi nimjibu nini?