Mkia wa Wimbi

Maabarani tulimwita Dada Mawimbi, naye akaitika, ingawa kwa umri tulipaswa kumwita mama. Kwa miaka kumi na tisa aliandika programu ya kompyuta, mstari kwa mstari, ya kukisia mawimbi ya antena yanavyopenya kwenye vitu vyenye majimaji kama nyama ya mwili. Aliiandikia kwenye chumba chenye feni inayolalamika na meza iliyotiwa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja. Wengine huzungumzia watoto wao. Yeye alizungumzia programu yake, tena akiisema vibaya kidogo, kama mama anayeogopa kijicho.

Mwaka huo hospitali ikatutaka tuunde antena ya kutafuta uvimbe kwenye titi bila kumpasua mgonjwa. Ilibidi ichaguliwe programu moja ya kupigia hesabu, na mkuu wa idara akamwachia Dada uamuzi. Zilibaki mbili: ya kwake, na nyingine ya bure iliyotungwa na watu wa mbali ambao hatukuwajua hata sura.

Mimi ni fundi wa maabara, na niliona hapo hakuna kesi. Hakimu ndiye mama mtu, sasa hukumu nani asiyeijua? Nikamwambia ajaze fomu, twende zetu nyumbani. Akanitazama juu ya miwani, akasema hesabu hizo ndizo zitakazomwelekeza daktari apitishe kisu wapi, kwa hiyo yake itapimwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Akapika jeli ya maji, chumvi na mafuta iwe mfano wa titi, akaimimina kwenye bakuli la plastiki. Kabla haijaganda akaniagiza nifiche ndani yake gololi ya chuma badala ya uvimbe, nisimwambie mtu, hata yeye. Niliiweka kina cha milimita arobaini na nne, nikaandika namba kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Jeli ilipoganda tukarusha wimbi, tukapokea mwangwi wake, na kila programu ikapewa mwangwi uleule iseme gololi iko wapi.

Nakiri niliiombea ya kwake, nikijua fika karatasi haitabadilika.

Ya kwake ikasema hamsini na mbili. Ile ya wageni ikasema arobaini na nne na nusu. Nilitoa karatasi nikaiweka mezani. Kwenye titi la mtu, milimita nane ni kumkata mahali pazima na kuuacha ugonjwa pembeni.

Nilidhani atailaumu jeli. Badala yake alivuta kiti karibu na skrini. Ndani ya maji, mawimbi yanayotikisika haraka na yanayotikisika taratibu hayaendi mwendo mmoja. Yanaondoka pamoja kama familia inayokwenda harusini, yanafika yametawanyika. Ndiyo maana mwangwi hurudi na mkia mrefu. Mkia huo Dada alikuwa ameuona miaka yote, akaudhania uchafu wa mitambo, akanikaripia eti nyaya zangu zimelegea, kisha akaifundisha programu yake iukate, na kwa kuukata ikawa inakosea kina. Ile nyingine iliuchora yenyewe, kona kwa kona, juu ya mkia tuliopima, hata nikashindwa kuona kama mistari ni miwili.

Mwili ulinisisimka. Watu ambao hawajawahi kukanyaga chumba hiki waliandika kwa namba tabia ya maji, na maji ya kwenye bakuli letu yakafanya vilevile.

“Haukuwa uchafu,” Dada akasema polepole. “Yalikuwa maji yenyewe.”

Akavuta fomu, akaandika jina la ile ya wageni. Kwenye sababu ya kuikataa ya kwake akaandika maneno mawili tu: haiyajui maji. Nikamwambia pole, dada.

Alivua miwani, macho yamemlowa, uso umechangamka kama wa msichana.

“Pole ya nini, mdogo wangu? Rusha wimbi jingine. Safari hii usikate kitu, niuone mkia wote.”