Kifo cha Mpishi wa Angani

Umuhire alishona nguo katika mtaa wa Ndosho, na jioni alisimulia vita. Havikuwa vita vya hapa. Vilipiganwa kwenye sayari aliyoibuni mwenyewe, yenye majua mawili, ambako askari walishushwa na vyombo vya angani na wengi hawakukumbuka tena nani aliwatuma. Kila hadithi ilikuwa na askari wake: rubani, muganga, mlinzi wa lango. Lakini wote walipita jikoni kwa mpishi mmoja, Safu, aliyewapa uji na kuwauliza kwao ni wapi. Umuhire alirekodi kwenye simu, akatuma WhatsApp. Watu walimsikiliza hadi mtaa wa Keshero.

Safu alibuniwa kwa mfano wa kaka yake Umuhire, Byiringiro, aliyepikia jeshi upande wa Kibumba. Umuhire hakumwambia mtu. Mama yao, Mukagasana, alimtambua mwanawe kwa namna mpishi yule alivyocheka.

Mchana mmoja Théogène, wa kikosi kimoja na Byiringiro, alisimama mlangoni amevaa kiraia.

"Dada, bomu iliangukia jikoni," alisema. "Tulimuzika palepale."

Umuhire alimpa kiti. Akamaliza pindo la gauni lililokuwa mashineni, akakata uzi, ndipo akaenda kumwambia mama. Mukagasana alisikia, akaendelea kuchambua maharagwe. Majirani waliokuja kwenye matanga waliwatazama kwa wasiwasi, maana si mama wala binti aliyelia.

Baada ya matanga ujumbe wa wasikilizaji ulianza kuingia: "Dada, Safu iko wapi?"

Umuhire akawasha simu. Akasimulia kwamba jiko lilipigwa, lakini Safu alikuwa ameenda kuteka maji.

"Huo ni uongo," mama alisema kutoka kitandani. "Futa."

Akafuta. Akaanza upya, na safari hii mpishi alikufa, sufuria ikiwa bado motoni. Alisema kama mtu anayetaja bei za sokoni.

"Ongeza kwamba walimuzika. Taja na wale walichimba," mama alisema.

Akaongeza. Rubani alichimba. Muganga alichimba.

Kesho yake sauti za wasikilizaji zilijaa simuni. Mwanamume mmoja alilia hadi akashindwa kumaliza. Umuhire alizisikiliza zote kando ya mama yake, akingoja kitu kimguse. Hakikuja.

"Chai iko?" mama aliuliza.

Umuhire akainuka kuwasha makaa.