Harusi Iliyovunjwa Garsen

Tulitoka Nairobi juu ya lori lililobeba jenereta, spika, masanduku ya mavazi, kitanda cha mbao kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kundi la watu walioamini kwamba ni nyota. Mimi sikuwa nyota. Kazi yangu ilikuwa jenereta na nyaya, na niliichukua kwa sababu sikuwahi kufika Tana, na wakati ule jina la mahali nisipopajua lilitosha kunitoa popote nilipokuwa.

Lami iliishia Garissa. Kutoka hapo tuliteremka na mto, Bura, Hola, huku barabara ikiwa bado imeharibiwa na mafuriko ya El Niño. Karibu na Kinakomba lori likazama kwenye udongo mweusi mpaka ekseli. Dereva na mimi tulishika sepetu, na wakulima waliokuwa kwenye migomba yao kando ya mto wakaja na majembe bila kuitwa. Nyota hawakushuka. Yule aliyeigiza mwana wa tajiri alikuwa amelala juu ya kitanda cha dhahabu, akipasha sauti yake kwa kupanda na kushuka ngazi za muziki, aa-aa-aa-aa, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mkulima mmoja aliniuliza kama kitanda kile tunakipeleka hospitali. Nikamwambia hapana, ni cha mchezo. Akakitazama tena, akasema ni hasara, kwa maana hospitali hawana.

Niseme mchezo wenyewe. Miaka ile watu wa mijini walikuwa wameshikwa na tamthilia ya televisheni kutoka ng'ambo, ya mtumishi wa ndani anayependwa na mwana wa tajiri mwenye mifugo isiyohesabika. Ilipofika saa yake, sufuria ziliungua nyumba hadi nyumba. Kiongozi wetu, mtu aliyefunga skafu shingoni hata Hola ambako kuku huhema kivulini, aliigeuza tamthilia hiyo kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, kwa Kiswahili. Kisha akawapata watu wa shirika la misaada waliokuwa wakitafuta njia ya kuwaambia waliokumbwa na mafuriko wachemshe maji. Wakamlipa. Kwa hiyo mwana wa tajiri alipopiga goti kumwomba mtumishi akubali kuolewa naye, alisimama katikati ya ubeti, akageukia watu, akaimba juu ya choo na kunawa mikono. Nilisikia wimbo huo kila siku ya mazoezi, na hakuna siku niliyoacha kuona haya kwa niaba yake.

Garsen nyota wetu waliingia kama watu wanaorudi kutoka Makka. Walivaa miwani ya jua, wakasimama juu ya lori na kupunga mikono. Walidhani watatambuliwa. Lakini Garsen wakati ule televisheni ilionyesha mchanga mtupu, hata ukipandisha antena juu ya mnazi, na watu hawakuijua tamthilia wala nyota wake. Waliwatazama kama wanavyotazama gari lolote geni, kisha wakarudi kwenye chai yao. Binti aliyeigiza mtumishi alikasirika kweli. Aliniambia hawa watu ni washamba sana, hata hawajui wanachokosa. Yeye mwenyewe siku ya pili alipiga kelele kwa sababu ng'ombe alipita karibu na dirisha la lojing'i. Mwana wa tajiri hakuwa bora. Wafugaji wa Orma walipomsikia mazoezini akiimba juu ya makundi yake, mmoja alimwuliza kwa adabu kamili ng'ombe wake wananyweshwa wapi kiangazi. Akamjibu kwamba kwao kuna mfereji wa bomba. Yule mfugaji akatikisa kichwa, akaondoka, na nina hakika aliwaza kwamba huyu tajiri atakuwa maskini kabla ya mwaka kwisha.

Katika kundi lote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyestahili kupandishwa jukwaani, nalo kundi lilimdharau. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, aliyeimba harusini miaka mingi kabla kiongozi hajamwokota. Aliigiza yaya. Sehemu yake ilikuwa wimbo mmoja. Yaya, peke yake, anakumbuka jinsi alivyowalea watoto wawili: mtoto wa tajiri, ambaye mamake alifariki akimzaa, na kitoto kichanga kilichoachwa mlangoni, ambacho baadaye ndicho mtumishi. Wimbo ule hakuandikiwa. Kiongozi alimpa nafasi ya kujaza huku wengine wakibadilisha nguo, naye akautunga mwenyewe, kichwani:

*Ziwa la kulia nilikupa wewe,*
*la kushoto nikampa mwenzio,*
*miaka miwili hamkujua*
*utamu mwingine duniani.*

Alipouimba hata dereva alizima redio. Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Binti alitaka wimbo uondolewe. Alisema unachelewesha mapenzi, lakini sote tulijua ni makofi yaliyomuuma, kwani Hola, tulikoonyesha vipande vichache tu bila harusi, yaya alipigiwa makofi na yeye akapigiwa na mjumbe wa kata peke yake. Kiongozi, ambaye alimwogopa binti kuliko mamba, aliamua hivi: wimbo ubaki Garsen, ambapo watu wa shirika watakuja kutazama, lakini ukileta fujo yoyote, ndio mwisho wake, na yaya atabaki mtu wa kubeba sinia tu. Alimwambia mbele ya wote, wakati tukila. Mama alimaliza kutafuna samaki wake, akatoa mwiba mdomoni, akasema, “Sawa, bwana.” Baadaye nilipokuwa nikifunga nyaya alinijia akaniambia kwamba harusini aliimba nyimbo za watu, za kumsifu bibi harusi wa mtu. Huu ndio wimbo wa kwanza kuwa wake.

Tulicheza alasiri, kwenye uwanja karibu na soko, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa nje gizani na habari za majambazi barabarani. Watu walijaa. Wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili, wazee mbele kwenye viti vya hoteli. Wafugaji walikuwepo, na wakulima Waislamu kutoka juu ya mto, na Wapokomo wa kanisani kutoka upande wa Golbanti. Watu wa shirika walikaa chini ya turubai wakinywa soda. Wimbo wa kunawa mikono ulipita kama upepo. Lakini yaya alipoanza, wanawake waliacha hata kunyamazisha watoto. Wengi walikuwa wakinyonyesha palepale. Mmoja alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

Kisha ikaja harusi, kilele cha mchezo. Mwana wa tajiri katika suti nyeupe, binti katika shela, na padri mwenye ndevu bandia za sufi. Padri alitakiwa kuuliza swali lile, anyamaze kidogo ili mioyo iruke, halafu afungishe ndoa.

“Kama kuna mtu anayejua sababu ya hawa wawili kutooana,” akasema, “aseme sasa.”

Akanyamaza, kama alivyofundishwa.

“Iko sababu,” alisema mwanamke mmoja wa Orma, akisimama na mtoto kiunoni. Hakupaza sauti. “Hawa ni ndugu. Ule mama amesema, sisi wote tumesikia. Amewanyonyesha.”

Uwanja mzima ukaguna kwa kukubali. Nami, niliyekuwa nimesikia wimbo ule tangu Nairobi, ndipo nilipoona. Ndugu wa ziwa moja. Kiongozi pamoja na vitabu vyake, na nyota wake, wote waliuandaa mchezo wa kuwaozesha kaka na dada, wakauleta mahali ambapo kila mtoto anajua ameharamishiwa nani kwa damu na nani kwa maziwa. Mama wa Mombasa lazima alijua, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya lolote.

Mwana wa tajiri alicheka kicheko cha mjini. “Mathe, hii ni mchezo tu.”

“Na yeye alikuwa nacheza?” mwanamke akamwuliza, akimwelekeza yaya kwa kidevu.

Kiongozi alikuwa nyuma ya pazia akimnong'onezea padri aendelee. Padri akafungua mdomo, lakini mzee mmoja wa mbele alikwishainua mkono. Alikuwa mtu wa heshima, na nadhani alitaka kutuokoa. Alieleza polepole, kwa Kiswahili cha madrasa, kwamba mambo haya yana kipimo. Mtoto akionja mara moja au mbili tu, wako wanazuoni wanaosema haileti udugu. Kisha akamgeukia yaya.

“Mama, uliwanyonyesha mara ngapi?”

Alikuwa amefunguliwa mlango mpana. Angesema mara moja tu, harusi ingefungwa, ngoma ingelia, na wimbo wake ungesalimika. Kiongozi alimwonyesha kidole kimoja kutoka nyuma ya pazia, akikitikisa kama mtu anayefukuza nzi. Binti alimtolea macho. Mama alisimama na sinia lake la bati, akawaangalia wanawake wale na watoto wao matitini.

“Miaka miwili, mzee,” alisema. “Wote wawili. Mpaka nilipowaachisha.”

“Basi hakuna ndoa,” mzee akasema, na mambo yakaisha. Watu walisimama wakajikung'uta vumbi. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Walikuwa wameridhika, kama watu waliozuia ajali. Wengine walikuja kumpa mwana wa tajiri mkono na kumwambia amshukuru Mungu, angalau amempata dada. Wanawake walimzunguka yaya, na yule mwenye mtoto kiunoni akaagiza kibuyu cha maziwa kutoka kwao. Binti alikuwa nyuma ya lori, shela begani, akilia kwamba wamemharibia mwisho wake.

Kiongozi alitamka hukumu kabla usiku haujaingia. Wimbo basi. Tarasaa, kituo kinachofuata, yaya atabeba sinia. Mama alimwambia sinia atafute wa kulibeba, yeye anarudi Mombasa na basi la asubuhi. Nilipomsikia, nilijua na mimi nimemaliza. Jenereta nilimkabidhi dereva.

Asubuhi mabasi yalijipanga kungoja askari wa kuyasindikiza. Nilipandisha sanduku lake, tukakaa upande wa dirisha. Magari yalipoanza kunguruma, kiongozi alikuja mbio, skafu yake imelowa jasho. Watu wa shirika walikuwa wamemwita. Katika mchezo mzima walipenda kitu kimoja, wimbo wa yaya, na walitaka kuusikia Malindi, la sivyo ziara haiendelei.

Nilidhani atamwomba arudi. Hata hilo hakuliweza.

“Mama,” alisema, akishika ukingo wa dirisha, “niandikie yale maneno. Binti atauimba yeye. Utakuwa wimbo wa mapenzi.”

Mama alimtazama bila chuki, kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka akikadiria kama inafaa kuzibwa.

“Mwambie azae kwanza,” alisema. “Anyonyeshe. Maneno yatamjia.”

Basi likasogea. Kiongozi alitembea kando yetu akijaribu kuukumbuka, akiimba kwa sauti ili tumsahihishe, ziwa la kushoto, ziwa la kulia, miaka mitatu, hapana. Wanawake ndani ya basi waliujua wote. Walikuwa uwanjani jana yake. Walimsikiliza, wakatazamana, na hakuna aliyemwambia kitu. Tulipopinda kuelekea barabara ya Malindi alikuwa bado amesimama katikati ya soko, mdomo wazi, anatafuta ubeti. Sijarudi Garsen tangu siku ile.