Karatasi ya Pampu Mpya

Petroli ikimwagika kwenye mchanga wa pwani hainuki kama inavyonuka kwenye udongo wa bara. Chumvi huiongezea ukali, harufu ikakwama kooni kama kitu ulichokimeza vibaya. Nyuma ya nyumba yetu mjini Lindi, upande ule unaoteremka kuelekea kwenye ghuba, mchanga ulikuwa mweusi kwa mafuta ya miaka mingi, na harufu hiyo ndiyo iliyonipokea kila nilipotoka shule. Hapo ndipo baba alipofanyia kazi, chini ya paa la bati lililotobolewa na kutu, jua likipenya kwenye matundu na kumchora madoa mgongoni. Watu walimwita Fundi Chande. Alitengeneza malori ya chumvi na ya korosho, mashine za kusaga, injini za boti, na hata cherehani akiletewa. Ufundi hakuusomea popote. Alianza kwa kuosha matrekta kwenye shamba la mkonge, akaishia kuyafungua na kuyafunga huku akizungumza mambo mengine kabisa. Kiswahili alikisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Kiingereza hakukijua hata neno, wala hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Shamba la mkonge lilipokufa, meneja wake wa mwisho, mzee wa Kigiriki aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia baba gari lake kama zawadi ya kuagana. Lilikuwa gari dogo la spoti, la zamani hata wakati ule, la viti viwili tu, halina paa, limeinama chini kiasi kwamba aliyekaa ndani aliweza kuokota jiwe barabarani bila kufungua mlango. Rangi yake ilikuwa kijani, na lilipowashwa liliruka kidogo kabla ya kuondoka, basi watoto wa mtaa wetu wakaliita Panzi. Lilifika kwetu likivutwa na trekta. Baba akalitengeneza kipande kwa kipande, kazi za watu zilipopungua, na mama akazoea kusema kwamba ameolewa ukewenza na bati. Nilipofika darasa la sita Panzi alikuwa anatembea, na ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa: dada yangu Somoe, aliyeposwa na mwalimu mmoja wa Mingoyo aitwaye Rashidi, angepelekwa kwa mumewe ndani ya gari hilo, baba mwenyewe akiendesha. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyewahi kupelekwa hivyo. Somoe, ambaye kwa kawaida hakupenda makuu, alianza kulifuta vumbi kila asubuhi kwa kanga yake ya zamani.

Wiki tatu kabla ya harusi, pampu ya petroli ikafa. Ilikuwa pampu ya asili ya gari lile, ya kuendeshwa na injini yenyewe, na ndani yake mlikuwa na kiwambo chembamba cha mpira kilichopanda na kushuka kikiyavuta mafuta kutoka kwenye tangi. Kiwambo kilikuwa kimechanika. Baba akakata kingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, gari likaenda siku mbili, petroli ikaula mpira ukavimba kama mkate kwenye chai. Akakata cha pili, akakipaka gundi, nacho kikaliwa. Pampu ya aina ile haikupatikana Lindi, haikupatikana Mtwara, na pengine haikuwa ikitengenezwa tena popote duniani.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Sisi tuliokuwa wadogo tulikuwa tumeuzoea utoto wa kupanga foleni ya sabuni, na ghafla maduka yakajaa. Mitumba ilimwagwa chini sokoni kama dagaa, redio zikaja zenye taa za rangi, na magari yaliyochakaa Ujapani yakaanza kufika Dar es Salaam, yakafunguliwa, na viungo vyake vikatandazwa kwenye mabusati. Mjomba Hamisi, kaka yake mama, alikuwa ameacha kazi ya ukarani akawa mfanyabiashara. Alipanda basi, akalala kwenye kivuko cha Rufiji mvua zilipoharibu njia, akarudi na chochote kilichoweza kubebwa. Alipoambiwa habari za pampu alicheka. "Shemeji, dunia imefunguka siku hizi. Nipe siku kumi."

Alirudi na pampu mbili, zote za umeme, za kufungwa karibu na tangi na kupewa waya kutoka kwenye betri. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, nyeusi, imekwaruzwa, haina karatasi wala boksi; muuzaji alidai imetoka kwenye gari la zamani la kubebea mizigo. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa kama kijiko cha wageni, imelala ndani ya boksi lenye picha ya gari jekundu. Kipya kinyemi, japo kidonda. Mjomba aliiweka ile mpya mbele na nyeusi akaisukuma pembeni, kana kwamba anaionea aibu.

Baba alitaka kuzipima kwanza. Alileta ndoo ya petroli, akaiunganisha kila pampu na betri, akaziba mdomo wa mpira kwa dole gumba ili aonje msukumo. Ile nyeusi ilikwaruza, ikatoa mafuta taratibu, na dole lake likaizuia bila taabu. Ile mpya ilivuma tu kidogo, kisha petroli ikampiga kiganjani na kumrukia usoni. Alijifuta kwa mkono wa shati.

"Hii ina nguvu mno," alisema. "Kabureta ni kama mtoto mchanga, hunyweshwa kidogo kidogo. Ukimmiminia atapaliwa."

"Nguvu ndiyo uzuri wenyewe!" Mjomba alisema. "Sasa umpeleke mtoto kwa mumewe na chuma kilichotupwa? Watu wa Mingoyo watasemaje likizima njiani? Na hii ina karatasi yake. Wazungu hawaandiki uongo kwenye karatasi."

Baba akaitazama ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Akaichukua kwa ncha za vidole ili asiichafue, akanigeukia. "Esha, wewe ndiye msomi wetu. Isome. Uangalie kama wameitaja kabureta."

Nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza. Mwalimu alikuwa amenisimamisha mbele ya shule nzima nisome kifungu cha kitabu, na baba alikuwa amewasimulia wateja wake wote. Nilikunjua karatasi. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na mistari mitatu ya mwanzo sikuambulia kitu. Mjomba alikuwa ananitazama, Somoe alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mkononi, na baba alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Ndipo nikaliona neno la kabureta, maana linafanana na letu, na nyuma yake neno la kufaa, tulilokuwa tumelisoma shuleni mwezi huohuo. Lakini mbele ya neno hilo la kufaa palikuwa na herufi mbili za ziada, zimeshikana nalo, ambazo sikujua kazi yake. Niliziona. Kwa hilo sijawahi kujidanganya. Niliziona, moyo ukasita, halafu nikazipita.

"Inafaa," nilisema. "Wameandika inafaa kwa kabureta."

Mjomba akapiga makofi. Baba alitazama dole gumba lake, akanitazama mimi, akasema, "Kama karatasi imesema, basi mimi ni nani." Ile nyeusi ikatupwa kwenye sanduku la vyuma.

Panzi aliwaka mara moja, kwa mngurumo ambao hatukuwahi kuusikia. Watoto walikuja mbio. Hiyo ilikuwa Jumatano. Karatasi niliificha ndani ya daftari langu, nikajiambia kesho nitamwuliza mwalimu zile herufi mbili. Alhamisi nilimpita mwalimu mara tatu uwanjani. Mara ya tatu aliniuliza kama nina shida, nikasema sina. Ningemwambia nini? Kwamba msomi wa Fundi Chande amekwama? Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema wahenga, lakini mimi nilikuwa na taa ya kuuliza mkononi na nikaona haya kuiwasha.

Ijumaa baada ya sala baba alitaka kulijaribu gari akiwa na abiria, akamwambia Somoe aingie. Niliwaona wakiondoka, Somoe akiwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili ili ushungi usipeperuke, akicheka. Waliteremka hadi barabara ya chini, wakageuza, wakaanza kupanda kilima kurudi. Nilikuwa nimesimama kwenye kona. Injini ilianza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, gari likasimama, na harufu ya petroli ikanifikia kabla baba hajashuka. Alifungua boneti. Kabureta ilikuwa inafurika kama sufuria ya maziwa iliyosahauliwa jikoni, mafuta yakitiririka juu ya bomba la moshi lililokuwa limeiva kwa joto. Nilimsikia akipaza sauti, "Somoe, shuka! Shuka!" Kisha moto ukalipuka kwa mlio mdogo tu, kama mtu anayekung'uta shuka.

Mlango wa upande wa Somoe ulikuwa na tabia ya kukwama. Baba alipitisha mikono yote miwili katikati ya moto, juu ya mlango, akamshika kwapani, akamtoa kama anavyotolewa mtoto kwenye beseni. Dada yangu hakuungua, isipokuwa pindo la baibui. Baba hakutosheka, alirudi na kuanza kuupiga moto kwa viganja na kuurushia mchanga, mpaka wanaume wawili wakamvuta nyuma. Alipokuja kuketi kando ya barabara alikuwa ameiweka mikono yake mbele yake, vidole vimetanuka, anaiangalia kama vyombo vya mtu mwingine alivyopewa avishike. Hakulia. Aliyelia alikuwa Mjomba Hamisi, aliyekuja akikimbia bila kiatu kimoja.

Harusi haikuahirishwa, wageni kutoka Kilwa walikuwa wamekwisha kufika na baba mwenyewe alikataa katakata. Aliletwa kutoka hospitali na mikono iliyofungwa bandeji nyeupe hadi kwenye viwiko. Wakati wa kuozesha ulipofika, shehe alimtaka baba, kama walii wa kumwozesha binti, ampe bwana harusi mkono. Baba alinyanyua lile furushi la bandeji, likabaki hewani. Shehe akasema taratibu kwamba maneno yanatosha, mkono si lazima. Lakini Rashidi alisogea kwa magoti, akakiweka kiganja chake chini ya bandeji bila kuigusa kwa nguvu, kama anayepokea ndege, na baba akamwoza binti yake hivyo. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani pamoja na wanawake. Walipopiga vigelegele sauti yangu haikutoka. Somoe alikwenda Mingoyo ndani ya pikapu ya kuazima.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mwalimu ile karatasi. Alisoma, akanieleza kwamba zile herufi mbili hukanusha, kama sisi tunavyosema "inafaa" na "haifai". Alinisifu kwa kupenda kujua.

Nilikaa na maneno yale mpaka bandeji zilipofunguliwa. Ngozi ilikuwa imejivuta, na vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Mchana mmoja nilimkuta baba akijaribu kuokota nati sakafuni. Inamponyoka, anaifuata, inamponyoka. Nikapiga magoti, nikaiokota, nikamwambia kila kitu: herufi mbili, daftari, mwalimu niliyempita mara tatu. Nilitaraji kofi, na nadhani nililitaka.

Aliipokea ile nati kwa viganja viwili. "Dole langu liliniambia," alisema. "Niliacha kulisikiliza dole langu mwenyewe, na hilo ni kosa langu." Kisha akanitazama. "Lakini Esha, mimi sijui kusoma lugha ile, na sikukuficha. Wewe ulishindwa nini kuniambia hujui?"

Hakunipiga, hakumwambia mama, wala mjomba, ambaye alikufa akiamini kwamba kosa lilikuwa la muuzaji. Alinifundisha kushika spana badala yake, akaniambia pa kukaza na pa kulegeza, na kwa mikono yangu na ya vijana wengine aliendelea kutulisha. Alinipenda, sina shaka. Ila kuanzia siku ile, barua ikija, au boksi la kipuri lenye maandishi ya kigeni, alilitia kwapani akalipeleka kwa karani wa posta, mwendo wa nusu saa juani, nami nimekaa pale pale barazani na daftari langu.

Sasa mimi ni mtoa dawa katika zahanati moja mkoani humu. Barabara ya Dar es Salaam ina lami, Rufiji ina daraja, na kipuri kinachotafutwa leo huagizwa kwa simu kikafika kesho kutwa. Pampu kama ile ya Panzi, kijana wangu amenionyesha, zinauzwa mpaka leo kwa watu wanaotunza magari ya zamani, na namba za msukumo zimeandikwa wazi pembeni ya picha. Karatasi ni nyingi kuliko zamani, katika lugha ambazo hata majina yake siyajui. Kilichobaki vilevile ni uso wa mtu anayeambiwa jambo asilolielewa. Nawaambia akina mama kiasi cha dawa, wanaitikia kwa kichwa haraka, "Nimeelewa, dada," na macho yao yanakimbilia mlangoni. Nawarudisha kitini. Nawaomba wanieleze wao, kwa maneno yao wenyewe. Wengine hukasirika, husema nawadharau, na foleni nyuma yao hunung'unika.

Baba alifariki miaka mingi baada ya harusi ile, akiwa amezungukwa na wajukuu zake, watoto wa Somoe. Katika siku zake za mwisho alipewa karatasi ya maelekezo kutoka hospitali ya mkoa. Nilikuwa nimekaa kitandani pake, nimevaa koti langu jeupe la kazi. Aliikunja mara mbili kwa vile vidole vilivyopinda, akamwita mtoto wa jirani amsomee.