Mbwa Ambaye Fundi Povu Hamwogeshi

Saa mbili asubuhi, mbwa sita wamekwisha kuogeshwa na wanajikung'uta juani. Wa saba, wa rangi ya kahawia, amefungwa kando. Ananuka. Hajaguswa na maji kwa siku kumi.

“Huyo ana wageni leo,” anasema mwogeshaji, mwanamume wa miaka hamsini na minne ambaye wenzake humwita Fundi Povu. “Ndiyo maana simwogeshi.”

Kituo hiki hupokea mbwa waliotelekezwa na kuwatafutia makao mapya. Fundi Povu ameogesha hapa kwa miaka kumi na tisa. Zamani, kumtoa mbwa mchafu mbele ya watu kwake ilikuwa aibu, sawa na kumpa mgeni chai kwenye kikombe kisichooshwa.

Aibu hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka minane, mwenye pumu na mzio wa wanyama. Mtoto alitamani mbwa. Mama alitaka asiyemdhuru. Fundi Povu akawachagulia Pamba, mbwa jike mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, yasiyopukutika. Asubuhi ya kumjaribu, akamwogesha mara mbili.

Mtoto alimkumbatia saa nzima. Hakupiga chafya hata moja.

“Nikajigamba,” anakumbuka. “Nikasema, ‘Dada, mchukue, huyu hana neno. Nikikudanganya, njoo unioshe mimi kwenye beseni hilihili.’ Tukacheka.”

Siku ya tisa mtoto alikimbizwa hospitali, amebanwa na pumu. Alilazwa siku nne. Daktari alimweleza mama kwamba manyoya hayana kosa kubwa. Kinachodhuru ni mate na mba ya ngozi, na kuogesha huvipunguza kwa siku chache tu.

“Alipomrudisha Pamba hakunigombeza. Aliniuliza tu, ‘Kaka, ulimwogesha siku ile?’ Nikasema ndiyo. Akaniwekea kamba mkononi, akaondoka.”

Fundi Povu anakamua taulo ambalo halina maji.

“Nilijua sabuni. Mbwa sikumjua.”

Wageni wa leo ni mke na mume. Mume ndiye mwenye mzio.

“Jamani, mbona ananuka hivi?” mke anauliza.

“Ndivyo atakavyokuwa sebuleni kwenu, dada. Mimi sihamii huko kumwogesha.”

Wanacheka. Dakika ishirini baadaye macho ya mume yamekuwa mekundu, na mke hacheki tena. Anamwachilia mbwa taratibu.

“Poleni,” Fundi Povu anawaambia. “Bora chafya hapa kuliko kilio kwenu. Yuko mwingine, njooni wiki ijayo. Mkae naye mara tatu kabla ya kuamua. Na hata hapo, sitawaapia.”

Pamba anaishi nyumbani kwake sasa. Kila sauti ya mtoto ikipita nje, anasimama mlangoni.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, Fundi Povu humwombea yule binti, ambaye sasa ana miaka kumi na moja. Hajawahi kumwomba radhi. Juzi alimpigia simu mama wa binti huyo, na mama akakubali aende kwao Jumamosi, bila mbwa.

Nguo mpya ameziweka kwa jirani, Pamba asizifikie. Atavalia hukohuko.

“Nitaoga mara mbili,” anasema. “Safari hii, mimi.”