Samaki wa Mama Shirini

Harufu ya maji yaliyolala ndani ya kioo, yenye ubichi wa majani ya bwawani, ndiyo inayonirudisha nyumbani kwetu Cheyo, enzi zile watu wakihamia vijiji vya ujamaa na baadhi ya wenye maduka pale Tabora mjini wakifunga virago kimyakimya. Mama Shirini, mke wa Mhindi aliyetuuzia vitambaa tangu sijazaliwa, alipoondoka na mumewe alimwachia Mama sanduku la kioo lenye samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Alimfundisha kazi: maji ya kisima yalale kwanza mtungini, na vitoto vikizaliwa, maana samaki wale huzaa, hawatagi, vilishwe kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kwenye kitambaa, chembe kidogo tu, maji yasioze. Mama aliyashika yote. Majirani yai la kumpa samaki liliwashinda kuelewa. Walichungulia uani na kuuliza, kwa upole wa uongo, yule Mhindi alituahidi nini.

Vitoto vikazaliwa, macho na mkia tu. Wakati huo Shangazi Mwamvua, dada yake Baba, alikuwa akiishi nasi tangu aachwe na mumewe kwa kukosa mtoto. Baba alikuwa mtu wa reli, nyumbani tulimwona kwa nadra. Shangazi ndiye aliyenikemea nilipoanza kunyoosha kidole nihesabu. "Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Unawaitia kifo." Kwetu jambo hilo halikuwa mzaha, hata kuku wa mtu hukuuliza wako wangapi. Basi hatukuhesabu, ila tuliona vinapungua. Hakuna kilichoelea kimekufa, wala paka hatukuwa naye. Na kwa kuwa hakuna aliyejua vilikuwa vingapi, hakuna aliyeweza kusema vilianza kupotea lini wala nani alikuwapo. Shaka ya namna hiyo humwangukia aliye karibu.

Ilimwangukia Shangazi, kwani yeye ndiye aliyependa kukaa mbele ya kioo akisuka ukili. Mama akawa anakifunika kwa kanga kila wifi yake anapoingia. Siku moja jikoni akamwambia jirani, nami nasikia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke asiye na mtoto akikodolea watoto macho namna ile, unadhani kitabaki kitu?" Sauti hakuipunguza, na Shangazi alikuwa hapo nje uani. Hapo nikaelewa anachotaka: Shangazi aondoke, Baba akirudi akute limekwisha. Nilimpenda Shangazi, ndiye aliyenisuka nywele, na bado nikaanza kuyakwepa macho yake.

Mchana wa Ijumaa nilipenyeza kichwa chini ya ile kanga. Samaki mama, yule mnene mwenye mkia mwekundu, alimsogelea mwanawe taratibu, akafungua mdomo, akammeza. Akageuka kumfuata mwingine. Nikamwita Mama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaleta kikombe, akamteka yule mnene na kumtia peke yake kwenye beseni. Tulipoinua vichwa, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kifurushi chake mkononi. Alikuwa ameona kila kitu.

"Wifi, si umeona mwenyewe," Mama akasema. "Yaishe. Kaa."

"Nimeona," Shangazi akajibu. "Leo ni samaki, na samaki wamenitetea. Siku mwanao akiugua, nani atanitetea?"

Akapanda treni ya Usoke, kwa ndugu waliokuwa wakilima tumbaku, na hakulala tena kwetu. Vile vitoto vilivyosalia vilinenepa, vikapata rangi. Iliniuma sana kuviona vinapendeza.

Siku hizi nyavu ndogo za kumtenga samaki mama zinauzwa madukani, na muuzaji atakueleza sababu kabla hujauliza. Nimenunua, na vitoto vyangu vinakua salama. Tunaishi na wifi yangu, mama mtu mzima, mpole, ambaye hakujaliwa mtoto. Juzi mjukuu wangu alishikwa na homa, na kabla sijatafuta kipimajoto nikajisikia nauliza, "Leo nani alimbeba?"